Moyo Huu Umesomea Wapi?

Kwenye soko la samaki la Bagamoyo, hatua chache kutoka jengo la forodha la enzi za Wajerumani, fungu likishamwagwa mbele ya dalali halikai. Bei inatajwa, inapandishwa, inapandishwa tena, na mnunuzi anaitikia kwa kidole au kwa kunyanyua kidevu tu. Mama anayenunua ili akakaange na kuuza jioni ameshatazama jicho la samaki kama bado limetuna na linang'aa, ameshafunua shavu kuona wekundu wake, ameshabonyeza mgongo kwa kidole gumba kuona kama nyama inarudi juu. Pamoja na hayo amekadiria uzito, mafuta, kuni, wingi wa samaki walioingia leo, na kama hizi ni siku za watu kuwa na pesa au tarehe zimeshakwenda mno. Ukimuuliza kwa nini fungu hili kaliacha na lile kalichukua kwa bei ya juu zaidi, atakwambia hili halikumkaa moyoni. Hakwepi swali. Hayo ndiyo maelezo yote aliyonayo, kwa sababu hesabu imekwisha kufanyika mahali ambapo maneno hayafiki.

Ushauri wa kufuata moyo umejaa kila upande, redioni, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye status za WhatsApp. Ushauri wa kinyume upo pia, na hutolewa kwa sauti ya ukali zaidi: usiamue kwa hisia, tumia akili. Wanaotoa ushauri huu na wanaotoa ule wanauzungumzia moyo kana kwamba ni shahidi mmoja, ama mkweli siku zote ama mwongo siku zote. Utafiti uliofanyika katika miaka 70 hivi iliyopita unaonyesha jambo lingine. Moyo haustahili kuaminiwa wala kupuuzwa kwa jumla. Unastahili kuulizwa umesomea wapi. Mtu mmoja anaweza kuwa na moyo mwerevu mbele ya fungu la changu asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo akawa na moyo mjinga mbele ya muuza viwanja. Tatizo ni kwamba machale yakimcheza, humcheza kwa nguvu ileile kote kuwili.

Aliyeiondolea hisi ya ghafla ule uchawi wake ni Herbert Simon, mwanazuoni wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Mwaka 1973 yeye na mwenzake William Chase walimwonyesha bingwa wa sataranji ubao wenye mchezo uliofika katikati, kwa sekunde 5 tu, kisha wakamtaka aupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa alirudisha mahali pake kete zipatazo 16. Anayeanza kujifunza aliambulia kama 4. Hapo mtu angesema bingwa kajaliwa kumbukumbu ya ajabu. Lakini kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, zisiwe na mchezo wowote nyuma yake, ubingwa uliyeyuka na wote wakaambulia chache. Bingwa hakuzidi wenzake kwa jicho wala kwa kichwa. Alichowazidi ni maelfu ya mipangilio aliyowahi kukutana nayo, kila mmoja ukiwa umefungamana na kilichofuata baadaye. Kwa Simon, hisi ya moyo ni kutambua tu: hali ya leo inafanana na hali ya jana, na kumbukumbu inaleta jibu bila kueleza njia iliyopita.

Pwani hii tuna mfano wetu, na nadhani ni mgumu kuliko sataranji. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kwenye sataranji kipande kimoja huhama na vingine vikabaki vilipo; kwenye bao mtaji mmoja unaweza kuzunguka, kula, kuzunguka tena na kuacha ubao usiofanana kabisa na ule wa mwanzo. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliwafuatilia mafundi wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akachapisha huko Leiden utafiti wake kuhusu ufundi huo na mipaka ya akili ya binadamu. Barazani tofauti inaonekana kwa macho. Anayejifunza huhesabu kwa kidole, shimo kwa shimo, midomo ikimchezacheza. Fundi mkono wake unachota tu, na watazamaji wanaguna kabla kete ya mwisho haijalala. Tena bao halimsubirishi mtu majibu. Ukikosea, nyumba inaliwa mbele ya watu, na wapo watakaokukumbusha kosa hilo mpaka wiki ijayo. Mwalimu mkali namna hiyo ni wa kutamaniwa.

Kichwani, kujifunza kwa namna hii kuna alama zinazopimika. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli za ubongo zinazotoa dopamini kwa nyani waliozoeshwa kwamba ishara fulani hufuatwa na tone la juisi. Mwanzoni seli hizo ziliwaka juisi ilipodondoka bila kutarajiwa. Baada ya mazoezi ziliwaka kwenye ishara, juisi yenyewe isizishtue tena. Na ishara ilipokuja juisi isije, seli zilinyamaza kwa wakati uleule ambao juisi ingefika. Kinachopimwa hapo ni pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, na kila pengo husahihisha matarajio ya mara ijayo. Huko Iowa, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao waliripoti mwaka 1997 kwamba watu waliocheza karata za kubahatisha, zenye mafungu mawili ya hasara na mawili ya faida, walianza kutoka jasho jembamba viganjani kabla ya kugusa fungu baya walipokuwa wamefunua karata kama 10 tu. Kulieleza jambo lenyewe kwa ukamilifu waliweza karibu na karata ya 80. Jaribio hili husimuliwa sana na wanaopigia debe moyo, lakini nusu ya pili ya habari huachwa. Mwaka 2004 Tiago Maia na James McClelland walilirudia kwa maswali makini zaidi, wakakuta wachezaji walijua mengi mapema kuliko ilivyodhaniwa. Hawakuwa wameulizwa vizuri. Kwa hiyo tusiseme mwili una siri ambayo akili haiijui kabisa. Inatosha kusema kwamba ujuzi huanza kufanya kazi kabla mwenyewe hajauweka sawa kwa maneno.

Basi moyo hujifunza. Lakini hujifunza chochote unachofundishwa, na hapo ndipo wanasaikolojia wawili waliojulikana kwa kupingana walipokutana. Gary Klein, wa Marekani, alikuwa ametumia miaka ya 1980 akiwahoji makamanda wa zimamoto. Mmoja wao aliwaamuru vijana wake watoke mbio kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua, bila kujua kwa nini, na muda mfupi baadaye sakafu waliyosimama juu yake ikaporomoka. Kamanda aliamini ana kipaji cha kuona yasiyoonekana. Mahojiano yalipochimba, ilibainika kwamba moto ulikuwa na joto kubwa mno na kelele ndogo mno kwa moto uliodhaniwa kuwa wa jikoni, na haukutii maji. Ulikuwa unawaka chini yao, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Daniel Kahneman, Mwisraeli aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002 na kufariki mwaka 2024, alikuwa ametumia umri wake kuonyesha jinsi wataalamu wanavyojiamini na kukosea. Baada ya miaka kadhaa ya majadiliano, mwaka 2009 waliandika pamoja makala ambamo, kinyume na matarajio ya wengi, walikubaliana. Hisi ya moyo huwa na thamani panapotimia mambo mawili: mazingira yenyewe yawe na mpangilio unaojirudia, na mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kuusoma mpangilio huo kwa kupewa majibu ya haraka na ya wazi kila anapoamua. Wakaongeza kwamba kiasi cha mtu kujiamini hakithibitishi lolote. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kumeza, maana wengi wetu tunapima ukweli wa machale kwa jinsi yalivyotushika.

Mchukue nahodha wa mashua anayetoka Bagamoyo kuelekea mkondo wa Unguja. Huyu amesoma shule mbili ndani ya maji yaleyale. Ya kwanza ni nzuri kupita kiasi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila mzunguko ukichukua kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kesho yatachelewa kwa dakika 50 hivi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na maji mafu huja katikati. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, hewa nzito inatelemkia majini, na alfajiri umande unajaza tanga la anayetoka. Jua likishapanda, upepo unageuka na kumrudisha pwani. Juu ya mzunguko huo wa kila siku upo mwingine wa mwaka, kaskazi na kusi na maleleji katikati yao. Haya yote yanajirudia, na jibu lake halikawii. Aliyekosea saa ya maji anakwama kwenye fungu la mchanga akitazamwa na watoto, aliyekosea upepo anapiga kasia hadi magharibi. Nahodha huyu akisema leo bahari haijakaa sawa, na hana sababu anayoweza kuitaja, mimi ningemsikiliza kabla sijatazama simu.

Shule ya pili ni ile ya mambo adimu, na humo nahodha huyohuyo ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu, na Bagamoyo majengo ya misheni ya Wakatoliki hayakupona. Mwezi Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia baada ya siku chache za taarifa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimamishwa. Hakuna mtu anayeishi umri wa kuona vimbunga vya kutosha kwenye mwambao huu hadi moyo wake uvijue. Tena somo lililotangulia Hidaya lilikuwa la kupotosha: Aprili 2021 pwani nzima ilitahadharishwa juu ya Kimbunga Jobo, nacho kikadhoofika kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Aliyekaa nyumbani alipoteza kipato cha siku kadhaa. Aliyepuuza hakupoteza kitu. Moyo unaofundishwa kwa matokeo peke yake ungejifunza nini hapo?

Mwaka 2004 Ralph Hertwig, Greg Barron, Elke Weber na Ido Erev walilionyesha jambo hili kwenye majaribio ya kubahatisha pesa. Waliopewa uwezekano wa kila tokeo kwa maandishi walilipa tokeo adimu uzito mkubwa kuliko linavyostahili. Wale waliojifunza kwa kujaribu wenyewe, mara baada ya mara, walilipa uzito mdogo mno. Wengine katika majaribio yao machache hawakuwahi hata kulikuta. Uzoefu, ambao tunausifu kuwa mwalimu bora, ni mwalimu hafifu wa yale yanayotokea mara chache. Chukua angalizo lililo maarufu kwa kila msikilizaji wa redio Tanzania, la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Halisemi chombo chako kitazama leo. Linasema hatari imepanda. Kwa hiyo wengi wanaotoka siku ya angalizo watarudi salama na samaki wao, na kila kurudi kutaonekana kama ushahidi kwamba wa redioni hawajui bahari. Wasiorudi hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Mwendesha bodaboda anayepita lori kwenye kona ya barabara ya Dar es Salaam amefundishwa na hesabu hiyohiyo, mara mia mbili bila tatizo, na ukimkanya atakujibu kwa dhati kabisa kwamba yeye barabara hii anaijua.

Kuna shule mbaya zaidi ya hizo, ile inayotoa majibu ya haraka lakini ya uongo. Daktari na mwandishi wa Marekani Lewis Thomas amesimulia habari ya tabibu mmoja wa New York, mwanzoni mwa karne ya 20, aliyesifika kwa kugundua homa ya matumbo kabla dalili hazijajitokeza. Alipita wodini, akashika ndimi za wagonjwa kwa vidole, akatabiri nani ataugua, na baada ya wiki moja au mbili waliugua kweli. Utabiri ulitimia mara nyingi na sifa ikakua. Hakuwa akinawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ugonjwa aliusambaza yeye. Tanzania haina haja ya kwenda New York kutafuta mfano. Waliojiunga na DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, walipanda mbegu na waliotangulia wakavuna kama walivyoahidiwa, kwa wakati. Jirani alivuna, shemeji alivuna, mwenyewe alivuna mara ya kwanza. Watu hao hawakuwa wajinga, kama wengine wanavyopenda kusema baada ya tukio. Moyo wao ulifanya kazi yake kwa usahihi: ulipokea ushahidi, ukajifunza kuamini. Isipokuwa ushahidi ulitengenezwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa mavuno ya wa mwanzo yalikuwa mbegu za waliofuata.

Kiwanja nacho kina tabu yake: jibu haliji, au linakuja baada ya miaka na limechanganyika na mengine. Mwaka 2013 makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, Bagamoyo, yalitiwa saini, mwaka 2015 jiwe la msingi likawekwa, mwaka 2019 mradi ukasimamishwa, na baadaye mazungumzo yakafufuliwa. Aliyenunua ekari jirani na hapo alikuwa sahihi au alikosea? Inategemea unamuuliza mwaka gani. Mtu hununua kiwanja mara moja au mbili maishani, humchagua mchumba mara chache tu, na mwajiri aliyemkataa mwombaji hatajua kamwe angefanya nini. Maamuzi hayo hayana marudio ya kumfundisha mtu. Bado ndiyo hasa maamuzi ambayo tunahimizwa kuuachia moyo, kwa hoja kwamba ni makubwa. Mimi naona ukubwa wa jambo ni sababu ya kuuliza zaidi. Mwanasaikolojia Paul Meehl alionyesha tangu mwaka 1954 kwamba kwenye kutabiri mwenendo wa binadamu, kanuni sahili ya kujumlisha vigezo vichache hulingana na utabiri wa mtaalamu au kuushinda, na mapitio ya tafiti 136 yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakubadilisha picha hiyo.

Atasema mtu: basi tutupe moyo, tubaki na hesabu. Haiwezekani, na ushahidi wake unatoka kwa Damasio huyohuyo. Aliwahi kueleza wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, ambao akili zao zilipimwa zikaonekana kamili lakini hawakuwa tena na hisi ya kuwaambia hili bora, hili baya. Mmoja aliulizwa achague kati ya tarehe mbili za kurudi kliniki, akatumia karibu nusu saa akichambua faida na hasara za kila moja, hali ya hewa ikiwemo, bila kufika popote. Hesabu isiyo na moyo haina mahali pa kusimama. Na mambo mengi ya siku hayastahili hesabu: njia ipi ya kwenda sokoni, ununue mchicha kwa nani, umjibu mteja huyu sasa au baadaye. Humo moyo ukikosea gharama ni ndogo na somo ni la bure, ndiyo maana ni uwanja mzuri wa mazoezi.

Wengine watapinga kwa upande wa pili, kwamba maneno haya yanawavunjia heshima wazee na ujuzi wao. Naona yanawapa heshima iliyo mahali pake. Kumwamini mzee wa bahari juu ya bahari hakumlazimishi mtu kumwamini juu ya chanjo, na kumtilia shaka juu ya kimbunga hakupunguzi uhodari wake wa kusoma maji. Kwa Waislamu wanaosali istikhara jambo hili wala si geni. Wanazuoni wamesisitiza siku zote kwamba sala hiyo inakwenda pamoja na kutaka shauri kwa wenye kujua. Vilevile ndoa za pwani zilikuwa na utaratibu wa kuuzuia moyo usiwahi. Mshenga hutumwa, ukoo unaulizwa, majirani wanasikilizwa, deni na hasira na maradhi vinachunguzwa, na ni baada ya hapo ndipo wahusika wanaulizwa kama wameridhia.

Mpangilio huo, ukweli kwanza na moyo baadaye, Kahneman aliufikia kwa njia yake akiwa kijana wa miaka 21 katika jeshi la Israeli, mwaka 1955. Wasaili waliokuwa wakiwapangia askari vikosi walizungumza na kila kijana kwa muda mfupi na kutoa hukumu ya jumla, hukumu ambayo haikutabiri lolote la maana. Aliwapa sifa 6 za kuuliza, kila moja kwa maswali ya mambo yaliyokwisha kutendeka, na kila moja ipewe alama peke yake kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Walilalamika kwamba anawageuza mashine. Akawaruhusu, mwishoni kabisa, wafumbe macho wamfikirie kijana yule kama askari na kutoa alama kwa hisi zao. Alama zilizojumlishwa zilitabiri vizuri zaidi kuliko ule usaili wa zamani, na alama ya macho yaliyofumbwa, kwa mshangao wake, nayo ilitabiri vizuri vilevile. Moyo haukufukuzwa. Ulisubirishwa mpaka ukapata cha kufanyia kazi. Mtu anayekagua kiwanja anaweza kufanya hivyohivyo: hati na jina lililomo, maji, hali ya barabara wakati wa masika, mipaka kwa mashahidi, bei za jirani, kila kimoja kikiandikwa siku yake, na swali la kama amekipenda liwe la mwisho. Dalali mzuri wa viwanja hujitahidi liwe la kwanza.

Anayetaka kujua ni wapi moyo wake umesoma hana njia ya mkato zaidi ya kuandika kabla. Kumbukumbu haitumiki hapa, kwa kuwa huhifadhi siku machale yalipopatia na kuzisahau zile nyingine. Mwenye duka anayehisi mteja fulani hatalipa deni aiandike hisi hiyo na tarehe kwenye daftari lilelile la madeni. Muuza samaki aandike bei anayodhani itafika saa kumi. Baada ya miezi michache ukurasa utaonyesha kinachopatia na kinachobahatisha, na mara nyingi utashangaza, kwa kuwa sehemu tunazojiamini zaidi na tunazopatia zaidi hazilingani. Watabiri wa hali ya hewa ndivyo walivyonolewa: wanasema leo, kesho wanajibiwa na mbingu, na mchezo unaanza upya.

Limebaki jambo ambalo daftari la zamani halitaliona, nalo ni mazingira kubadilika baada ya mtu kuhitimu. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi umepata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingi za bahari za tropiki, na miongoni mwa wa kwanza kulisikia ni wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wa vijiji kama Mlingotini kusini ya mji wa Bagamoyo. Kilimo chao ni shule ya kupigiwa mfano: mche unafungwa kwenye kamba, kamba kwenye vigingi kwenye maji madogo, na baada ya wiki 6 hivi bahari imeshatoa jibu. Ila kotoni, mwani wenye bei nzuri zaidi, haistahimili maji ya moto. Inapauka, inalainika na kukatika, na mahali ambapo miaka mingi palikuwa pazuri panaua mazao. Tangu miaka ya 2000 watafiti wamekuwa wakijaribu Mlingotini na kwingineko kamba zinazoelea kwenye maji marefu, ambako joto halipandi sana. Mkulima anayehamia huko hahami mikono mitupu. Jicho lake bado linautambua ugonjwa kwenye tawi kabla mgeni hajaona kitu, na hapo ajiamini. Lakini hisi yake ya mwezi gani wa kufunga na fungu lipi la mchanga la kuchagua ilifundishwa na maji ambayo hayapo tena, kwa hiyo kwa misimu michache ya mwanzo kamba mbili zilizofungwa siku moja, moja kwenye maji madogo na moja kwenye marefu, zikapimwa siku ya kuvuna, zitamwambia zaidi ya moyo wake wa miaka 20. Atahitaji pia mtumbwi, na bei ya mtumbwi haimo kwenye hesabu za kilimo cha kutembea kwa miguu.